Mdai Aliyeniomba Nimnyime

Nilistaafu kwa hiari mwezi uliopita. Kabla sijakabidhi funguo za kabati, vijana wa dawati la madai waliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi. Walitaka mbinu. Mbinu ninazo chache, na nyingi kati ya hizo mtazipata mkisoma hati ya bima hadi ukurasa wa mwisho, jambo ambalo nimewaona watu wachache wakilifanya, wakiwamo wanaoziuza. Kwa hiyo nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na dai moja la upande wa Didia ambalo hadi leo likinijia naacha ninachokifanya. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Niliingia ofisi ya Shinyanga kama mhudumu wa mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kusema karibu, kupokea simu na kuzuia kuku wa jirani wasiingie. Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja ameshika kofia mkononi, akauliza kama hapa ndipo wanapolipwa watu waliokufa. Nikamwambia ndiyo, hapa ndipo.

"Wanakuja wenyewe?" akauliza.

Nilikuwa sijui bima ni nini zaidi ya karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha gari.

Mchana wa kiangazi ofisi ilikuwa kimya, na kabatini mlikuwa na nakala za hati za bima ambazo hakuna aliyezigusa. Nikaanza na ya nyumba kwa sababu ilikuwa juu ya rundo. Ilikuwa ya Kiingereza kigumu. Nilinunua kamusi kuukuu sokoni, nikawa natafuta neno moja moja na kuandika maana pembeni kwa penseli. Sentensi moja iliweza kunichukua mchana kutwa. Sikujali, hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Mzee Bundala, mtathmini wetu wa hasara, ndiye aliyenikuta nikisoma. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka hata anapochekesha.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Kwenye mambo wasiyoyalipa."

"Basi umeanza mahali pazuri. Wateja huanza hapo baada ya kuungua."

Wiki iliyofuata alinichukua kwenda kumshikia ncha ya futi kamba. Sikurudi mapokezi tena, ingawa kuku waliendelea kuwa jukumu langu kwa muda.

Vifaa vyake vilienea kwenye mfuko wa sandarusi: futi kamba, chaki, tochi, msumari mrefu wa kubandulia plasta, na sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku ndiyo niliyoishangaa zaidi. Tulipofika kwenye nyumba iliyoungua paa, Mzee Bundala aliifunga kamba akaiburuta juu ya majivu, kisha akaitazama. Kama paa lilikuwepo siku ya moto, sumaku ilitoka imejaa misumari ya bati. Kama mwenye nyumba aliezua mabati yake kwanza na kuwasha kiberiti baadaye, sumaku ilitoka na vijisumari vichache vya dari. "Watu hukumbuka bati," alisema. "Msumari hawaukumbuki."

Fundisho lake la pili ndilo nililoishi nalo. Alisema usiulize kilichoungua, kwa maana hicho kila mtu atakuonyesha huku akilia. Uliza kisichoungua. Kitu kizima katikati ya majivu ndicho kinachojua moto ulianzia wapi na ulikwenda wapi.

Sasa yale ambayo ninyi mmeyasoma vyuoni lakini mteja hayajui, na ambayo siku moja mtamweleza akiwa amesimama juu ya majivu. Bima ya nyumba ni ahadi yenye mipaka. Inataja kitu gani kimekatiwa bima, dhidi ya majanga gani, na kwa masharti yapi. Inalipa gharama ya kujenga tena, siyo bei ambayo mtu angenunulia kiwanja chako; kiwanja hakiungui. Aliyekatia bima nusu ya thamani ya nyumba ili apunguze ada atahesabiwa kama mwenye nusu ya nyumba, hata kama kilichoteketea ni jiko peke yake. Na kila hasara ina kipande chake cha kwanza ambacho mwenye nyumba hukibeba mwenyewe. Mwelezeni hayo siku ya kusaini. Siku ya moto yanasikika kama matusi.

Huku kwetu wengi hawakati bima ya nyumba kwa kupenda. Benki ikikupa mkopo wa kujenga, hukukatia hapohapo. Ada inaingia kwenye marejesho, nawe unatia saini karatasi nyingi ukiwa unawaza mabati. Nimewahi kuwafikia watu ambao nyumba zao zimeteketea nikawaambia wana bima, wakadhani nimekuja kudai.

Kudai nako kuna utaratibu wake. Mteja atoe taarifa mapema, hata kwa simu. Azuie hasara isiongezeke: afunike kilichobaki kwa turubai, azime umeme. Apige picha. Achukue barua ya serikali ya kijiji na taarifa ya polisi. Na asifagie. Majirani zetu ni watu wema, na wema wao wa kwanza ni kufagia. Nimefika kwenye nyumba nikakuta uwanja umesafishwa kama wa harusi na ushahidi wote uko kwenye shimo la taka. Mwisho kabisa, aseme ukweli kwenye fomu, hata ukweli wa kumwaibisha. Uongo mdogo unaweza kuua dai lililo zima.

Mzee Bundala alipostaafu nilibaki na mfuko wake na eneo lote kutoka Shinyanga hadi Geita. Nilijifunza kwamba mchwa si ajali: mtu aliyeacha boriti zake zikaliwa kwa miaka hawezi kusema paa lilianguka ghafla. Nilijifunza pia kukaa na kusubiri. Mchimbaji mmoja wa Geita, aliyepata dhahabu akajenga ghorofa kabla ya choo, alidai nyufa. Alisema mgodi ukilipua baruti nyumba yake yote inacheza. Nikamwomba chai, nikakaa sebuleni kwake kusubiri mlipuko. Ulipokuja, chai haikutikisika kikombeni. Tukachimba kando ya msingi, tukakuta amejenga juu ya duara, lile shimo lake la zamani la kuchimbia, alilolifukia kwa magunia na udongo. Alichuchumaa kando yake.

"Mama, hapa ndipo lilipotoka jiwe langu la kwanza," akasema. "Niliona pana baraka."

Sikumlipa. Alinisindikiza hadi barabarani bila kinyongo, na hilo lilinisumbua kuliko wale walionitukana.

Dai la Didia lilikuja msimu wa mvua. Ilikuwa nyumba mpya katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Didia, yenye mkopo wa benki. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, jina lake Shija, ambaye kijijini walimwita Baba Limi. Fomu yake ilifika kabla yangu, imejazwa kwa mwandiko safi. Chanzo cha moto: dumu la petroli ya pikipiki lililowekwa jikoni karibu na jiko la mkaa. Niliisoma nikaguna. Hati ile ilikataza waziwazi kuhifadhi petroli ndani ya nyumba ya kuishi. Mtu huyu alikuwa amejinyima fidia kwa mkono wake.

Alinipokea njiani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole sana, baba."

"Nimeshapoa. Kosa ni langu, mama. Wewe andika tu ulivyoona kwenye fomu, usijisumbue na jua hili."

Mdai wa kawaida huanza kunieleza alichopoteza. Huyu alianza na kosa lake, tena kwa sauti kubwa, kama anayetaka watu wa uzio wa pili wasikie. Familia yake, yaani mkewe na watoto, ilikuwa imehamia nyumba ya pili katika uwanja uleule, ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni akipembua choroko. Nilimsalimu, akaniitikia kwa Kisukuma, akaendelea na ungo wake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya kila mwanamke aliyepikia kuni na samadi maisha yake yote.

Nikaanza jikoni, kwenye dumu. Dumu halikuwepo, na plastiki iliyoyeyuka haikuwepo pia. Jiko la mkaa lilikuwa limesimama na majivu yake ndani. Kwenye kona palikuwa na ndoo ya plastiki, nzima, ina maji. Petroli ikiwaka jikoni haiachi ndoo. Kuta zilikuwa zimeungua juu, chini zilikuwa safi. Moto ule ulishuka kutoka darini.

Nikaenda sebuleni. Plasta ilikuwa imebanduka kwa mstari mmoja, kutoka dirishani hadi kwenye soketi, kama mtu amepitisha patasi. Soketi yenyewe haikuwa ukutani. Niliikuta upande wa pili wa chumba. Kwenye kifusi niliokota kipande cha waya wa antena: ganda lilikuwepo, shaba ndani haikuwepo. Nje, nyuma ya dirisha lile, sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka kuzunguka shimo jipya, la mahali palipong'olewa nguzo.

"Hapa palikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Kamba ya kuanikia nguo."

"Kamba yenye nguzo moja?"

Nilitembea kufuata uzio wa minyaa, na nyuma yake, chini ya majani yaliyokatwa, nikalikuta bomba refu la chuma, ncha yake imeungua ikawa ya rangi ya samawati. Nimewahi kuwaona watu wakificha ushahidi ili walipwe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona aliyeuficha ili asilipwe.

"Baba Limi, hii ni radi."

"Si radi, mama."

"Radi imo kwenye hati yako. Inalipwa. Petroli hailipwi. Nikiandika petroli hupati kitu, na benki itaendelea kukudai nyumba isiyokuwepo. Ukishindwa watachukua kiwanja, na mkeo na watoto watafukuzwa hapa. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andika petroli."

"Unaniomba nikunyime?"

"Nakuomba, mama yangu. Kwa heshima zote."

Nilifunga mfuko nikamwambia anisindikize kwenye gari. Huko ndiko aliponieleza, tukiwa tumeipa nyumba kisogo.

Ili amalizie nyumba ile alikuwa ameuza ng'ombe wa marehemu baba yake. Shangazi hakukubali. Siku ya kikao cha ukoo alisimama mbele ya watu akasema nyumba iliyojengwa kwa ng'ombe wa marehemu haitakaa. Maneno ya hasira ya mzee, yanayosemwa kila ukoo. Lakini msimu haukuisha mvua ikaja na ngurumo, na nyumba ikawaka. Baba Limi alikuwa anarudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga. Alipofika aliikuta antena inafuka moshi, na nyuma yake akawasikia vijana waliobeba ndoo za maji wakiulizana kwa sauti ya chini: je, bibi alisemaje siku ile?

Vijana mliotoka mbali mnahitaji kulielewa hili. Huku kwetu wengi hawaridhiki na kusema radi imepiga. Huuliza ni nani ameituma. Na jibu likishapatikana, likimwangukia mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambayo husemwa ni ya mchawi, mambo yanayofuata mmeyasikia, na sitayaandika hapa.

"Nikapiga kelele palepale," akaniambia. "Nikasema ni petroli yangu! Petroli yangu! Nimeirudia kila siku tangu hapo, dukani, kisimani, kanisani. Wananiita mjinga. Waniite. Nyumba nitaijenga tena au sitaijenga. Shangazi sina mwingine."

"Anajua?"

"Hajui. Anafikiri mimi ni mjinga pia."

Nilirudi ofisini nikaliacha faili wazi. Kuandika petroli kungekuwa uongo, na kuandika radi kulikuwa ukweli ambao ungemfikia mtendaji wa kijiji, kwa kuwa barua yake na ripoti yangu hazikupaswa kupingana. Nilimwomba meneja muda. Nilimpigia simu Mzee Bundala. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hilo halimo kwenye mfuko niliokuachia," kisha akaniuliza habari za watoto.

Aliyelifungua fundo hilo ni shangazi mwenyewe. Alikuja ofisini asubuhi moja na Mama Limi, mke wa Baba Limi, wamejaa vumbi la safari ya basi. Alikataa kiti kilicho chini ya feni. Alisema hapendi kitu kinachozunguka juu ya kichwa chake bila kushikwa. Mama Limi alikuwa ameshindwa kuvumilia, akamwambia yote.

"Wewe ndiye mama wa bima?" akaniuliza kwa Kisukuma.

"Ndiye mimi, bibi. Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Huyu mtoto amekudanganya. Nilikuwa mlangoni kwangu. Niliiona ikishuka kwenye lile bomba lake la kutazamia mpira. Andika."

"Bibi, nikiandika, kijijini watasema..."

"Kijijini wananijadili tangu mume wangu alipokufa. Mvua isiponyesha, ni mimi. Ikinyesha sana, ni mimi. Ningekuwa na nguvu hizo zote ningekuja kwa basi?"

Mama Limi alicheka, kisha akafunika mdomo, kisha akaanza kulia. Bibi alimsubiri amalize.

"Mimi nina siku chache," akasema. "Hawa watoto wana nyingi. Siwezi kula siku zangu chache juu ya kiwanja chao. Lakini sitaki uandike halafu ukae huku mjini na feni yako. Uje. Ulete hizo nyaya ulizookota. Uwaambie mbele yangu, nikiwa nimekaa, wanione."

Hakuna kifungu kinachomwagiza mtathmini kuhutubia kijiji, na meneja alinikumbusha hivyo. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Kabla ya kwenda nilimwona mtendaji wa kijiji na polisi kata, nikawaeleza wazi hatari iliyopo. Wote wawili waliahidi kuwepo, na wote wawili walikuja. Baba Limi alikuwa ameshaandika maelezo mapya na kuyasaini. Alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi; ilionekana usoni.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la pamba, ambalo wakati ule lilikuwa tupu. Bibi alikaa mbele, kwenye kigoda chake alichokuja nacho. Wanawake waliacha nafasi kubwa kumzunguka. Niliweka mezani bomba, soketi na ganda la waya, nikaeleza kwa maneno mepesi niliyoyaweza: kwamba umeme wa mawinguni hutafuta njia ya kufika ardhini, hupenda chuma, hupenda kirefu, kwamba ulishuka kwenye bomba, ukakosa njia ya kwenda ardhini, ukaingia ndani kwa waya wa antena, ukapasua ukuta na kuwasha dari. Nilipitisha ganda la waya mkono kwa mkono. Watu walichungulia ndani yake kama wanaochungulia bunduki.

"Mama bima," akasema kijana mmoja wa nyuma, "nami nikipigwa shambani mnanilipa?"

"Kama wewe ni nyumba," nikajibu.

Wakacheka, na mwenzake akamwambia, "Wewe ni banda tu, tena la kuku." Kicheko kilikuwa kizuri, lakini hakikufika safu za mbele, walipokaa wazee.

Hapo akasimama Mzee Ngassa, mtu anayesikilizwa pale kuliko mtendaji. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, tumekuelewa. Umeme umetoka mawinguni, umepita kwenye bomba, umeingia kwenye waya. Umetuonyesha na tumeona. Sisi si watoto. Lakini nyumba ziko nyingi kijiji hiki. Mimi swali langu ni moja. Nani aliyeuelekeza kwenye bomba lile?"

Nilikuwa na sayansi yangu yote niliyoisoma kwa kamusi, na niliona kwamba haikuwa imelijibu swali lile. Ningeweza kusema bahati. Bahati si jibu kwa mtu anayeuliza nani. Sikumtazama bibi, lakini nilijua kwamba wengine wote wanamtazama.

Baba Limi akainuka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe vipi tena?" akauliza Mzee Ngassa. "Juzi ulikuwa petroli."

"Juzi nilidanganya, mnisamehe. Leo nasema kweli. King'amuzi changu kilikuwa hakishiki vizuri. Fundi aliniletea bomba la kawaida, nikamwambia aunge la pili juu yake. Nilitaka liwe refu kuliko yote hapa. Nani kati yenu hajawahi kuja kwangu kuangalia mpira? Fundi akaniambia, Baba Limi, bomba refu hivi linahitaji waya mnene wa kwenda ardhini, tuchimbe tuuzike. Nikamwambia hiyo ni pesa ya kuzika bure. Fundi yule pale, muulizeni."

Watu wakageuka. Fundi, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema, "Alisema hivyohivyo. Tena alinicheka."

"Basi umeuliza nani aliyeielekeza radi, mzee wangu. Mimi ndiye niliyesimamisha bomba. Mimi ndiye niliyeinyima njia ya kwenda chini, ikaja ndani. Hakuna mwingine aliyeshika kitu. Huyu shangazi alikuwa anataka ng'ombe wasiuzwe. Wangebaki ng'ombe, nisingekuwa na bomba la kupigwa."

Nilisikia mtu akisema "Eeh" taratibu, kwa namna ya anayekubali hesabu. Mzee Ngassa alibaki amesimama. Alimtazama Baba Limi, akalitazama bomba, kisha akamgeukia fundi.

"Na kwangu," akauliza, "lile langu lina huo waya?"

"Halina, mzee. Nawe ulikataa."

Ghala zima lilicheka, safu za mbele pia. Mzee Ngassa hakucheka, ila aliketi. Mkutano ukawa wa fundi: kila mwenye antena alitaka kujua waya mnene unapatikana wapi na shimo linachimbwa hadi wapi. Bibi alisimama, akashika kigoda chake, akamwambia Mama Limi waende, choroko hazijaanikwa.

Ilibaki kampuni. Makao makuu waliuliza, kwa haki, kwa nini tulipe dai ambalo mdai alikiri kudanganya kwenye fomu. Niliandika kurasa kadhaa, lakini hoja ilikuwa moja. Uongo unaofuta dai ni ule unaosemwa ili kupata kisichostahili. Mtu huyu alidanganya ili akose alichostahili, na aliusahihisha mwenyewe kabla hatujaamua. Kukosa waya wa ardhini ni uzembe, lakini hati haikuuweka kuwa sharti. Walinirudishia faili mara mbili na maswali. Mara ya tatu lilirudi na idhini. Fidia ikaenda benki kwanza, kama hati ilivyotaka, na iliyobaki ikajenga nyumba ndogo kuliko ya awali. Nilikwenda kuikagua. Antena ilikuwa fupi, na waya wake umezikwa.

Sijui watu wa pale waliamini nini mioyoni mwao. Kazi hii hainipi njia ya kupima hilo, na nawashauri msijaribu. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyemgusa bibi. Kila nilipopita upande ule nilisimama kumsalimu, naye kila mara aliniuliza kama bado nakaa chini ya feni.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu Baba Limi alinipigia simu mchana, nikiwa barabara ya Kahama. Niliposikia sauti yake nilisimamisha gari.

"Mama, shangazi hatunaye."

Nilishindwa kusema pole. Neno lililonitoka lilikuwa lile la kazini.

"Chanzo?"

"Uzee, mama. Amelala jana vizuri, amekula. Leo Limi amempelekea uji akamkuta ameshaondoka. Usingizini, kitandani kwake."

Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, bila kuuliza kwa nini: usingizini, kitandani kwake.